Kubadilisha thamani ndani ya hashimapu: mwongozo uliotoka kwenye daftari la mali kauli

Shangazi yangu hununua samaki Deep Sea hapa Tanga, alfajiri mnada ukianza. Ikifika saa tatu asubuhi mzigo umeshagawanyika kwa wanawake wanaokaanga na kuuza jioni kwenye mabaraza ya Ngamiani. Wengi hawalipi papo hapo. Wanachukua mali kauli: beba leo, uza, kesho ulete. Deni linaandikwa kwenye daftari, na kwa shangazi mteja hana jina, ana mtaa: "wa Makorora", "wa Chumbageni", "wa Mikanjuni". Nilipokuwa najifunza Java, lugha ya kuandikia programu, programu yangu ya kwanza yenye kazi ya kweli ilikuwa kulihamishia daftari hilo kwenye kompyuta.

Wa Makorora alikuwa anadaiwa shilingi 14,000. Siku iliyofuata akachukua vibua vya 6,000, nami nikaingiza. Jioni shangazi akachungulia kwenye kioo cha kompyuta.

"Mwanangu, huyu wa Makorora kalipa lini? Naona elfu sita tu hapa."

"Hajalipa, shangazi."

"Basi zile kumi na nne ziko wapi?"

Hazikuwepo. Programu ilikuwa imezifuta na kuweka 6,000 mahali pake. Daftari la karatasi ndilo lililotuokoa. Java haikukosea, ilifanya nilichoiambia: nilitumia metodi (amri yenye jina) ya kuweka pale nilipotaka kuongeza. Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kosa hilo halipigi kelele. Programu haisimami wala haitoi onyo, inaendelea kukuonyesha hesabu ya uongo.

Kwanza, ujue kilichomo ndani

Hashimapu ni daftari la jozi. Kila jozi ina ufunguo, kitu unachotafutia, na thamani, kitu unachokipata. Kwetu sisi ufunguo ni mteja na thamani ni deni lake. Hili ndilo daftari lenyewe:

```
Map<String, Integer> madeni = new HashMap<>();
madeni.put("Makorora", 14000);
madeni.put("Chumbageni", 8500);
```

Ndani yake kuna safu ya ndoo, na ndivyo waandishi wa programu wanavyoziita hasa. `HashMap` ya Java huanza na ndoo 16. Ukiweka ufunguo, Java inauliza ufunguo huo namba yake ya hashi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo wenyewe, inaigeuza namba hiyo kuwa namba ya ndoo, na jozi inatumbukizwa humo. Ukija kutafuta, hesabu ileile inarudiwa na kompyuta inakwenda moja kwa moja kwenye ndoo husika bila kupekua nyingine. Ndiyo maana daftari lenye wateja elfu kumi linajibu karibu kwa haraka ileile kama lenye wateja kumi. Jozi zikizidi robo tatu ya idadi ya ndoo, yaani ikiingia ya 13 kwenye ndoo 16, ndoo zinaongezwa mara mbili na jozi zinapangwa upya. Kwa sababu hiyo usitegemee mpangilio. Ukitaka wateja watoke kwa utaratibu ulioingiza, tumia `LinkedHashMap`.

Funguo mbili tofauti zinaweza kuangukia ndoo moja. Maneno "Aa" na "BB" katika Java yana namba moja ya hashi, 2112. Hakuna kinachoharibika. Java ikishafika kwenye ndoo inauliza tena, kwa `equals`, kama ufunguo huu ndio ule hasa. Kumbuka maswali hayo mawili, la namba na la kufanana, maana tutayarudia tukifika kwenye funguo.

Jambo la kushika hapa ni hili: ufunguo mmoja, thamani moja. Hashimapu haikumbuki deni la jana. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo, na thamani ndani ya hashimapu nayo ni hivyo: mpya ikiingia, ya zamani inatoka, na haiagi.

Hatua ya 1: jiulize maswali mawili kabla ya kuandika chochote

Ufunguo usipokuwepo, nifanyeje? Na ukiwepo, nifanyeje na thamani iliyomo?

Andika majibu kwa Kiswahili pembeni. Kwa mauzo ya shangazi: asipokuwepo, deni lake liwe bei ya mzigo, akiwepo, bei iongezwe juu ya deni. Kwa malipo: asipokuwepo, nijulishwe, akiwepo, deni lipungue, na likiisha afutwe. Ukishakuwa na majibu hayo, metodi inajichagua yenyewe. Wanaoanza hufanya kinyume, wanashika metodi waliyoizoea kisha wanaibebesha kazi isiyo yake. Nami nilikuwa hivyo.

Hatua ya 2: tumia `put` pale tu unapotaka kufuta cha zamani

`put` inajibu maswali yote mawili kwa neno moja: weka. Usipokuwepo, weka. Ukiwepo, ondoa kilichomo uweke hiki. Inafaa kwa vitu ambavyo thamani ya mwisho ndiyo yenye maana, kama bei ya changu ya leo asubuhi au namba mpya ya simu ya mteja. Bei ya jana haijumlishwi na ya leo.

Watu wengi hawajui kwamba `put` inakurudishia thamani iliyoondolewa:

```
Integer iliyotoka = madeni.put("Makorora", 6000);
System.out.println(iliyotoka);
```

Hapo kioo kingeandika 14000. Laiti ningekuwa ninaitazama thamani hiyo, ningeiona fedha ya shangazi ikitoka mlangoni. Ufunguo ukiwa mpya, kinachorudi ni `null`, yaani "hakuna kitu".

Hatua ya 3: soma, ongeza, rudisha, lakini jihadhari na `null`

Njia ya wazi kabisa ya kuongeza ni kusoma deni, kulijumlisha, kisha kulirudisha:

```
int deni = madeni.get("Makorora");
madeni.put("Makorora", deni + 6000);
```

Kwa wa Makorora itafanya kazi. Mjaribu mteja wa Pongwe, anayekuja leo kwa mara ya kwanza. `get` haimkuti, inarudisha `null`, na `null` haiwezi kugeuzwa `int`, yaani namba kamili. Programu inakatika hapohapo kwa `NullPointerException`. Dawa ni `getOrDefault`, ambapo wewe mwenyewe unasema cha kushika kama ufunguo haupo:

```
int deni = madeni.getOrDefault("Pongwe", 0);
madeni.put("Pongwe", deni + 3000);
```

Hapa kuna mtego mwingine ambao nimeuona kwa kila niliyemfundisha. Mtu anaandika hivi:

```
Integer deni = madeni.get("Makorora");
deni += 6000;
```

Anachapisha `deni`, anaona 20000, anafurahi. Anachapisha `madeni`, Makorora bado ana 14000. Sababu ni kwamba `Integer` haibadiliki ikishaundwa. Ule mstari wa pili umeunda namba mpya na kuipa jina `deni` huku ile ya kwenye hashimapu ikibaki palepale. Ni sawa na kunakili deni kwenye kikaratasi, ukaongeza kwenye kikaratasi, ukalifunga daftari. Usiporudisha kwa `put`, hujabadilisha kitu.

Hatua ya 4: kwa kuongeza, zoea `merge`

Tangu Java 8, iliyotoka mwaka 2014, kuna metodi inayoyachukua maswali yetu mawili kwa pamoja:

```
madeni.merge("Makorora", 6000, (zamani, mpya) -> zamani + mpya);
```

Isome hivi: nenda kwa Makorora na 6,000. Kama hayupo, 6,000 ndiyo deni lake. Kama yupo, chukua la zamani na hili jipya, fanya nilichokueleza baada ya mshale, uweke jibu. Hakuna `null` ya kukimbizana nayo, na hakuna sifuri ya kukumbuka. Mstari huu mmoja ungetosha kuzuia yaliyonipata.

Sehemu ya baada ya mshale ni yako. Kwa shangazi ni kujumlisha, lakini kama unatunza mzigo mkubwa kuliko yote aliowahi kuchukua kila mteja, andika `Math.max(zamani, mpya)`. Kama unahesabu ni mara ngapi kila aina ya samaki imepita mnadani, peleka 1 kila mara na ujumlishe:

```
Map<String, Integer> hesabu = new HashMap<>();
for (String samaki : mnadaWaLeo) {
    hesabu.merge(samaki, 1, (zamani, mpya) -> zamani + mpya);
}
```

Changu, tasi, changu, kolekole, changu: mwisho wa luupu, yaani ule mzunguko wa `for`, changu ana 3 na wenzake moja moja. Ukiikariri hii utaitumia kuhesabu maneno ndani ya maandishi, kura, herufi, chochote kile.

Jumla zikiwa za fedha nyingi, weka `Long` badala ya `Integer`. `int` inaishia 2,147,483,647, na ikivuka hapo inageuka hasi kimyakimya. Deni la mama muuza samaki halifiki huko, ila mauzo ya ghala zima kwa mwaka yanaweza.

Hatua ya 5: kupunguza deni, na kufuta likiisha

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko pote, kwa sababu malipo yana pande nyingi kuliko mauzo. Mteja anaweza kulipa nusu, akalipa lote, akazidisha ili kesho achukue bila kulipa, au fedha ikaletwa na mtoto na wewe ukaandika mtaa usio wake.

Java ina `computeIfPresent`, inayofanya kazi ikiwa ufunguo upo tu. Ndani yake unapewa ufunguo na thamani iliyomo, nawe unarudisha thamani mpya. Ukirudisha `null`, jozi nzima inaondolewa, na hilo ndilo tunalolitaka deni likiisha. Toleo langu la kwanza lilikuwa hivi:

```
madeni.computeIfPresent("Chumbageni",
    (k, deni) -> deni > malipo ? deni - malipo : null);
```

Linaonekana safi. Lipitie polepole na mteja aliyezidisha. Wa Chumbageni anadaiwa 8,500, kaleta noti ya 10,000 na kusema iliyobaki iwe ya kesho. 8,500 si kubwa kuliko 10,000, kwa hiyo anafutwa daftarini, na ile 1,500 yake inafutika pamoja naye. Safari hii anayedhulumiwa ni mteja, na yeye hana kompyuta ya kuangalia. Futa pale tu baki ni sifuri kamili, na baki ikiwa hasi iache, maana yake ni kwamba shangazi ndiye anayedaiwa:

```
static boolean lipa(String mteja, int malipo) {
    if (!madeni.containsKey(mteja)) {
        return false;
    }
    madeni.computeIfPresent(mteja, (k, deni) -> {
        int baki = deni - malipo;
        return baki == 0 ? null : baki;
    });
    return true;
}
```

Kwa nini tuulize `containsKey` wakati `computeIfPresent` yenyewe inajua kuangalia? Kwa sababu ufunguo usipokuwepo haifanyi lolote na haisemi lolote. Inarudisha `null`, na inarudisha `null` ileile pia deni likilipwa likaisha. Huwezi kuyatofautisha mawili hayo kwa jibu lake. Fedha ya mtu ambaye hayumo daftarini isimezwe, irudi kwako kama swali: huyu ni nani? Ndiyo kazi ya ile `false`.

Ukitaka kubadilisha thamani iwe ufunguo upo au haupo, na uamuzi ukiwa mgumu kuliko unaotoshea kwenye `merge`, ipo `compute` tupu. Hiyo hukupa `null` kama thamani ya zamani pale ufunguo usipokuwepo, nawe unaishughulikia mwenyewe. Naitumia mara chache.

Angalizo dogo la kompaila, chombo kinachokagua na kutafsiri programu yako: jina ulilolitumia nje, kama `mteja`, hulirudii ndani ya mabano ya mshale, na `malipo` isibadilishwe baada ya kupewa thamani yake ya kwanza. Ndiyo sababu nimeandika `k`.

Hatua ya 6: thamani ikiwa orodha

Baada ya wiki mbili shangazi alitaka zaidi ya jumla. Alitaka kuona kila mzigo: leo 6,000, juzi 4,500. Thamani haiwi namba tena, inakuwa orodha ya namba:

```
Map<String, List<Integer>> mizigo = new HashMap<>();
mizigo.computeIfAbsent("Makorora", k -> new ArrayList<>()).add(6000);
```

`computeIfAbsent` inasema: kama Makorora hana orodha, mtengenezee; kwa vyovyote nipe orodha yake. Kisha `add` inaingiza mzigo. Hapa hurudishi kwa `put`, na hili huwachanganya walioielewa vizuri hatua ya 3. Orodha si kama namba, yenyewe hubadilika. Hashimapu imeshika njia ya kuifikia orodha, nawe umepewa njia hiyohiyo, basi ukiongeza kitu humo wote mnakiona.

Usiibadilishe kwa `putIfAbsent` kwa kuwa majina yanafanana. `putIfAbsent` hurudisha thamani iliyokuwepo, na mara ya kwanza hakuna iliyokuwepo, kwa hiyo inarudisha `null` na ile `.add` inakatika. Cha ajabu inakatika kwa mteja mpya tu. Ukijaribu na wa zamani utadhani kila kitu kiko sawa.

Hatua ya 7: kubadilisha zote kwa mpigo

Idi ilipofika, shangazi aliamua kumsamehe kila mdaiwa shilingi 500. Hakuna haja ya luupu:

```
madeni.replaceAll((k, deni) -> deni <= 0 ? deni : Math.max(0, deni - 500));
madeni.values().removeIf(d -> d == 0);
```

Mstari wa kwanza unawaacha waliozidisha malipo kama walivyo, na haumshushi mdaiwa chini ya sifuri. Wa pili unawaondoa waliobaki na sifuri. Usijaribu kuwaondoa kwa kurudisha `null` ndani ya `replaceAll` kama tulivyofanya kwenye `computeIfPresent`. Humo `HashMap` itaihifadhi `null` kama thamani, na utakuwa na mteja aliyepo daftarini asiye na deni lolote la kusomeka.

Ukitumia luupu, kubadilisha thamani ya ufunguo uliopo kunaruhusiwa, ila kuongeza au kuondoa ufunguo ndani ya luupu inayopita kwenye hashimapu hiyohiyo mara nyingi huishia kwa `ConcurrentModificationException`. Kwa kuondoa, `removeIf` ndiyo njia.

Hatua ya 8: funguo zisiposhikamana, hakuna metodi itakayokusaidia

Siku moja nilikuta wa Mikanjuni yumo mara mbili, mmoja na 5,000 na mwingine na 2,000. `merge` ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa nafasi moja tupu: nilikuwa nimeandika "Mikanjuni " na nafasi mwishoni. Kwa kompyuta hayo ni maneno mawili. Safisha ufunguo kabla haujaingia, mahali pamoja tu kwenye programu nzima:

```
static String safisha(String mtaa) {
    return mtaa.trim().toLowerCase();
}
```

Kinyume chake nacho kipo. Shangazi ana wateja wawili wa Usagara, wa msikitini na wa kisimani. Ukiandika "usagara" kwa wote, madeni yao yanaunganishwa, mmoja anamlipia mwenzake. Ufunguo lazima utenganishe watu ambao maishani wametengana. Mimi nilitumia `record`, njia fupi ya kuunda klasi, yaani aina yako mwenyewe ya kitu, iliyokuja rasmi na Java 16 mwaka 2021:

```
record Mteja(String mtaa, String alama) {}
```

Ukichukua njia hii, badilisha na aina ya hashimapu iwe `Map<Mteja, Integer>`, na `lipa` ipokee `Mteja` badala ya `String`. Faida ya `record` ni kwamba inatengenezewa `equals` na `hashCode` bila wewe kuziandika, yale maswali mawili ya mwanzo, na vilivyomo ndani yake havibadilishwi. Ukiandika klasi ya kawaida bila metodi hizo mbili, kila `new Mteja("usagara", "kisimani")` atahesabiwa mtu mpya, na `merge` haitamkuta wa zamani kamwe. Na ukiwa na klasi ambayo mtaa wake unaweza kubadilishwa baada ya kuingizwa, mteja akihama na wewe ukambadilisha mtaa hapohapo ndani ya ufunguo, namba ya hashi inabadilika lakini jozi inabaki kwenye ndoo ya zamani. `size` itamhesabu, `get` haitamwona. Akihama, mwondoe kwa ufunguo wa zamani, kisha umwingize kwa mpya na deni lake.

Hatua ya 9: linganisha thamani kwa `equals`

Hii ni fupi lakini imepoteza usiku wa watu wengi. Ukichukua thamani mbili kutoka kwenye hashimapu na kuzilinganisha kwa `==`, Java inauliza kama ni kitu kimoja kwenye kumbukumbu. Kwa namba kuanzia -128 hadi 127 Java hutumia vitu ilivyokwisha kuvitunza, kwa hiyo jibu linatoka sahihi. Juu ya hapo hakuna uhakika: 14000 na 14000 zinaweza kuonekana tofauti. Ukiijaribu programu kwa namba ndogo kama 5 na 10 itapita vizuri, ukiipeleka kwenye shilingi itakudanganya. Andika `.equals`, na ujaribu kwa namba za ukubwa wa kazi yako.

Hatua ya 10: mikono miwili kwenye daftari moja

Baadaye binamu yangu alianza kuingiza mauzo kwa simu yake akiwa pwani huku shangazi akiingiza malipo nyumbani, yote yakiingia programu moja. Hapo `HashMap` ya kawaida haifai. Wawili wanasoma 14,000 kwa wakati mmoja, mmoja anaongeza 6,000, mwingine anapunguza 4,000, na anayeandika mwisho anafuta kazi ya mwenzake. Tumia `ConcurrentHashMap`:

```
Map<String, Integer> madeni = new ConcurrentHashMap<>();
```

Kubadilisha jina la klasi hakutoshi. Ukiendelea na `get` kisha `put`, bado kuna upenyo katikati ambao mwingine anaweza kuingia. `merge` na `compute` kwenye `ConcurrentHashMap` hufanya kusoma na kuandika kama tendo moja lisilokatwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuzizoea mapema. Ile `lipa` yetu inayouliza `containsKey` kwanza nayo ina upenyo huohuo, kwa hiyo uamuzi wote uhamishie ndani ya `compute` moja.

Kitu kingine: hashimapu inaishi kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. Umeme ukikatika, daftari limekwenda. Kila badiliko liandikwe pia kwenye faili au hifadhidata, mstari mmoja kwa kila tukio, ili siku ya shida uweze kulijenga upya kwa kurudia matukio kwa mpangilio wake.

Hatua ya 11: jaribu pande zote kabla ya kukabidhi

Usijaribu kwa mteja mmoja aliyekwisha kuwemo. Jaribu mpya, wa zamani, aliyemaliza, aliyezidisha, na asiyejulikana:

```
madeni.merge("pongwe", 3000, (z, m) -> z + m); // 3000
madeni.merge("pongwe", 2000, (z, m) -> z + m); // 5000
lipa("pongwe", 5000); // true, pongwe hayumo tena
lipa("pongwe", 1000); // false
madeni.merge("duga", 4000, (z, m) -> z + m); // 4000
lipa("duga", 4500); // true, duga ana -500
```

Maelezo yaliyo baada ya mistari miwili ya mshazari ndiyo unayotarajia kuyaona. Kisha mwingize wa Makorora kama siku ile: 14,000, halafu 6,000. Kioo kikitoa 20,000, chukua daftari la karatasi, mkae na mwenye mali yake, mlinganishe mstari kwa mstari. Mimi na shangazi tulifanya hivyo kila jioni kwa mwezi mzima, na karatasi bado tunayo.